Maneno mapya, aya ya mwenyewe: uchambuzi wa rasimu moja ya wasifu wa Bibi Titi Mohamed

Mchangiaji mpya ameweka kwenye Wikipedia ya Kiswahili rasimu ya wasifu wa Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Ina aya chache na tanbihi mbili. Muda si mrefu mhariri mwingine anabandika juu yake kigezo cha hakimiliki, yaani tangazo kwamba maandishi yanashukiwa kunakiliwa. Mchangiaji anashangaa, na ana haki ya kushangaa: hakukopi na kupesti. Alikaa na chanzo chake, akabadilisha maneno sentensi baada ya sentensi, kisha akakitaja chini kama alivyofundishwa. Kosa liko wapi?

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa neno kwa neno kwa sababu wengi wanaoandika wasifu mtandaoni hukwama papo hapo, na jibu wanalopewa huwa ni la juu juu: “andika kwa maneno yako.” Mchangiaji huyu aliamini amefanya hivyo hasa. Chanzo na rasimu vinavyonukuliwa hapa vimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ili asianikwe mwandishi wala mchangiaji yeyote. Matukio ya maisha ya Bibi Titi ni ya kweli, na makosa ni yale yanayojirudia kwenye rasimu za aina hii.

Chanzo na rasimu

Chanzo cha kwanza, tuseme makala ya gazeti, kinasema hivi:

“Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu. Kabla jina lake halijavuma majukwaani, Titi Mohamed alikuwa sauti ya ngoma: kikundi cha Bomba kilimtegemea kuongoza nyimbo. TANU ilipohitaji wanawake, yeye hakwenda kuwatafuta maofisini. Aliwafuata walipokuwa, ngomani, jikoni na kwenye vilabu vya pombe. Haikuchukua muda maelfu wakawa na kadi mkononi, na Nyerere akapata jeshi ambalo hakuliajiri.”

Rasimu inasema:

“Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926 jijini Dar es Salaam kwenye familia ya Waislamu. Kabla ya kujulikana kwenye majukwaa, alikuwa mwimbaji wa ngoma, na kikundi cha Bomba kilimtegemea katika kuongoza nyimbo. TANU ilipotaka wanawake, hakuwatafuta ofisini bali aliwafuata mahali walipo: ngomani, jikoni na vilabuni. Baada ya muda mfupi maelfu ya wanawake walipata kadi, na Nyerere akawa na jeshi asiloliajiri.[1]”

Ukizisoma kwa haraka utaona maneno mengi yamebadilika. “Katika” imekuwa “kwenye”, “halijavuma” imekuwa “kujulikana”, “sauti ya ngoma” imekuwa “mwimbaji wa ngoma”, “ilipohitaji” imekuwa “ilipotaka”. Sasa ziweke bega kwa bega na uziangalie mifupa yake. Sentensi tano za chanzo zimekuwa nne, kwa kuwa mbili zimeunganishwa tu kwa “bali”. Nyingine zote za rasimu zinaanzia zilipoanzia wenzake na kuishia zilipoishia. Mpangilio ni uleule: kuzaliwa, ngoma, TANU, kadi, Nyerere. Kila kilichoachwa na mwandishi wa gazeti kimeachwa na rasimu pia, na hakuna hata kimoja kilichoongezwa kutoka kwingine.

Hapo tutenganishe kilicho cha wote na kilicho cha mwandishi. Mwaka 1926, Dar es Salaam, familia ya Kiislamu, kikundi cha Bomba, maelfu ya wanachama: hayo ni matukio, na matukio hayana mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani, nchi ambako shirika linaloendesha Wikipedia limesajiliwa, ililiweka wazi hilo mwaka 1991 katika shauri la Feist, lililohusu orodha ya majina kwenye kitabu cha simu: jasho la kukusanya taarifa halimpi mtu umiliki wa taarifa zenyewe. Kinachomilikiwa ni namna zilivyochaguliwa, zilivyopangwa na zilivyoelezwa.

Katika aya hii mwandishi wa gazeti alifanya mambo manne ambayo ni yake. Alijenga ukinzani wa “hakwenda kule, aliwafuata huku”. Kati ya mahali pengi ambapo wanawake wa Dar es Salaam walikutana miaka ya 1950 alichagua patatu, akapapanga kwa mapigo. Alimfunga msomaji kwa taswira ya jeshi ambalo halikuajiriwa. Na alilifanya jambo la ngoma liwe mlango wa kuingilia siasa, jambo ambalo ni hoja, si tarehe. Rasimu imechukua yote manne. “Jeshi asiloliajiri” ndilo linaloonekana haraka, na mhakiki wa kawaida angelikamata hilo tu, akaomba lifutwe, akaridhika. Aya ingebaki ya mwenyewe.

Kuna hasara nyingine ambayo huwa haitajwi, nayo inaumiza ensaiklopedia kuliko hata suala la sheria. Anayebadilisha neno bila kurudi kwenye jambo lenyewe huingiza makosa. Rasimu inasema Bibi Titi alizaliwa “jijini” Dar es Salaam. Mwaka 1926 Dar es Salaam haikuwa jiji. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1961. Chanzo hakikusema “jijini”. Neno hilo liliingia kwa sababu mchangiaji alihitaji neno tofauti, basi. Vilevile “vilabu vya pombe” vimekuwa “vilabuni”, na msomaji wa leo atafikiria mpira. Watengenezaji na wauzaji wa pombe za kienyeji walikuwa wanawake wenye kipato chao na wateja wao, na kuwapata hao kulikuwa na maana yake kwa TANU. Neno moja limedondoka, na sehemu ya historia imedondoka nalo.

Tanbihi haikutosha

Mchangiaji anajitetea kwamba chanzo amekitaja. Ni kweli, na alifanya vizuri. Lakini tanbihi inajibu swali moja tu: taarifa hii umeitoa wapi? Swali la pili, maneno haya ni ya nani, hujibiwa na alama za kunukuu, au na mwandishi kuyaandika upya yeye mwenyewe. Aya yenye tanbihi bila alama za kunukuu inamwambia msomaji: taarifa ni za gazeti, maandishi ni yangu. Katika rasimu hii kauli hiyo ya pili si kweli.

Makosa mawili huchanganywa hapa, ilhali dawa zake ni tofauti. Kuvunja hakimiliki ni kutumia usemi wa mtu ambaye bado sheria inamlinda. Wizi wa maandishi ni kuonyesha maandishi ya mwingine kama yako, hata kama ulinzi wa sheria umekwisha. Ukichukua aya nzima ya kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha, sheria haitakugusa, ila bado unatakiwa kueleza wazi kwamba maandishi yametoka humo. Kwa upande mwingine, kumtaja mwandishi aliye chini ya ulinzi wa sheria hakukupi ruhusa ya kumeza aya yake.

Na ruhusa ya mdomo haisaidii. Mara nyingi mchangiaji husema: “Nilimwandikia mwenye tovuti, akakubali.” Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, maana yake mtu yeyote anaweza kuyachukua, kuyabadilisha na hata kuyauza, mradi ataje chanzo na kutumia leseni hiyohiyo. Mwenye tovuti anayekubali “yatumike Wikipedia” hajakubali hayo. Anatakiwa atoe idhini ya leseni hiyo kwa maandishi, ithibitishwe na kikosi cha wajitolea wanaoshughulikia barua za idhini, au aandike leseni hiyo kwenye tovuti yake mwenyewe. Tovuti za serikali na za bunge nazo zisidhaniwe kuwa ni mali ya umma. Kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini mwao. Kanuni hiyo usiichukue ukaivisha kila nchi.

Aya iliyotafsiriwa

Sehemu ya pili ya rasimu ni ngumu zaidi kukamata, na kwa waandishi wa Kiswahili ndiyo inayotuhusu kuliko zote. Mchangiaji alipata ukurasa wa Kiingereza kuhusu miaka ya 1965 hadi 1972, akautafsiri. Rasimu yake inasomeka hivi:

“Katika 1965, alipoteza kiti chake katika kile ambacho kilionekana kama pigo kubwa kwa taaluma yake ya kisiasa. Miaka miwili baadaye, akikabiliwa na uchaguzi kati ya uongozi na nyumba zake, alichagua nyumba. Yeye alikamatwa Oktoba 1969 na kuhukumiwa maisha, kabla ya kusamehewa mwaka 1972 na kusahauliwa na taifa.[2]”

Mtumiaji wa Kiswahili anasikia mara moja kwamba hakuna aliyefikiri hivi. “Katika kile ambacho kilionekana kama” ni mashine iliyotembea juu ya sentensi ya Kiingereza. “Yeye alikamatwa” lina nafsi mbili pasipo haja. “Kuhukumiwa maisha” haina kifungo ndani yake. Lakini hata kama tafsiri ingekuwa safi kabisa, tatizo lingebaki. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba lugha mpya inafanya kazi mpya, na kwamba kuwaletea wasomaji wa Kiswahili jambo ambalo lilikuwa kwa Kiingereza tu ni huduma. Ni huduma kweli, ila haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Mkataba wa Berne wa 1886 unasema hivyo katika kifungu chake cha 8. Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zote zinaitaja tafsiri miongoni mwa haki za mwandishi.

Upo mlango mmoja ulio wazi: makala za Wikipedia za lugha nyingine. Leseni inaruhusu kuzitafsiri, kwa sharti kwamba waandishi wake watajwe. Hilo hufanyika kwenye muhtasari wa hariri (maelezo mafupi ya ulichobadilisha), kabla ya kuhifadhi, kwa sentensi kama “Imetafsiriwa kutoka makala ya Wikipedia ya Kiingereza” pamoja na kiungo cha makala hiyo. Zana ya kutafsiri iliyomo ndani ya Wikipedia huandika jambo hilo yenyewe. Anayekopi kwa mkono na kupitisha kwenye programu ya tafsiri husahau. Halafu kuna mtego ndani ya mlango huo: kama makala ya Kiingereza yenyewe ilinakiliwa kutoka mahali, unaiingiza kasoro hiyo kwenye lugha yako. Hata makala zilizopitishwa kuwa bora zimekutwa hivyo. Tarehe 31 Oktoba 2010 Wikipedia ya Kiingereza iliweka kwenye ukurasa wake wa mwanzo wasifu wa Grace Sherwood, mwanamke wa Virginia aliyeshtakiwa kwa uchawi na kutoswa majini mwaka 1706. Makala iliondolewa pale ilipogundulika kuwa baadhi ya vipande vyake vilifanana mno na vyanzo. Ilikuwa imepita mikononi mwa wahakiki wengi.

Turudi kwenye aya yetu, maana ina kosa la tatu. “Alichagua nyumba” na “kusahauliwa na taifa” si matukio. Ni hukumu za mwandishi wa ukurasa ule. Tukio ni kwamba Azimio la Arusha, Februari 1967, liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na Bibi Titi akajiuzulu nyadhifa zake akipinga masharti hayo. Kusema alichagua nyumba ni kumpa nia. Mwandishi wa makala ya maoni anaweza kusema hivyo kwa jina lake. Ensaiklopedia ikisema bila kumtaja, imechukua maneno yake na kuyafanya kweli ya wote. Kwenye wasifu huu hapa ndipo pana uzito, kwa sababu ni wasifu wa mwanamke aliyehukumiwa kwa uhaini katika nchi aliyoidai uhuru wake, na kila neno la tathmini linamwegemea upande fulani.

Sababu inayofanya wasifu unase kuliko makala nyingine

Ukiandika kuhusu mto au chuma, unaweza kuanza popote. Maisha ya mtu yana mwanzo na mwisho, na mwandishi hujikuta akifuata mstari wa miaka kama chanzo kilivyoufuata. Tarehe zenyewe hazina tatizo. Tatizo ni kwamba mwandishi wa chanzo alichagua kituo kipi apumzike na kipi apite, na mwigaji anapumzika naye na kupita naye.

La pili ni uchache wa vyanzo. Kwa watu wetu wengi, hasa wanawake wa kizazi cha uhuru, mchangiaji hupata chanzo kimoja kilichojaa na vingine viwili vilivyokopi hichohicho. Akiwa na chanzo kimoja atakinakili hata asipotaka, kwa kuwa hana kingine cha kukipima.

La tatu ni tanzia. Sehemu kubwa ya wasifu za Kiswahili zinaanzia kwenye tanzia ya gazeti au risala ya msibani, na lugha ya msibani hung’ang’ania. Utakuta “ameacha pengo lisilozibika”, “mama mlezi wa wengi”, na hata dua ya kumlaza marehemu mahali pema katikati ya makala yenye kisanduku cha taarifa. Maneno hayo yana heshima yake pale msibani. Kwenye makala yanamwonyesha mhakiki papo hapo kipande kilipotoka.

Kuijenga upya

Jambo la kwanza ni kuacha kuhariri rasimu ile. Ukiendelea kuirekebisha mstari kwa mstari, utapata nakala ya tatu ya mifupa ileile. Fungua ukurasa mtupu.

Tafuta vyanzo visivyopungua vitatu ambavyo havikunyonyana. Kwa Bibi Titi vipo. Kuna utafiti wa mwanahistoria Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, uliochapishwa 1997 na kujengwa juu ya mahojiano na wanawake wenyewe, Bibi Titi akiwa mmoja wao. Yapo magazeti ya wakati ule kwa ajili ya uchaguzi wa 1965 na kesi ya uhaini. Zipo kumbukumbu rasmi za bunge kwa ajili ya miaka yake ya ubunge. Zipo tanzia za Novemba 2000. Kila kimoja kina kazi yake: tanzia itakupa tarehe ya kifo, haitakupa uchambuzi wa siasa za 1955.

Kisha andika vijinoti, na hapa ndipo kazi inapofaulu au inapoharibika. Kijinoti kisiwe sentensi. Kikiwa sentensi, kitakuwa sentensi ya mwenyewe. Kiwe jina, namba, mahali na chanzo, hivi:

1926, Dar es Salaam, kuzaliwa (Geiger)
Bomba, ngoma, kiongozi wa nyimbo (Geiger)
1955, TANU, kitengo cha wanawake, kiongozi (Geiger)
1962, UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania), mwenyekiti wa kwanza (Geiger, gazeti)
1965, Rufiji, ubunge, ameshindwa (gazeti)
1967, Azimio, kujiuzulu, nyumba za kupangisha (Geiger, gazeti)
10/1969 kukamatwa, 1970 kesi, maisha, 1972 kuachiwa (gazeti)
5/11/2000, Johannesburg, kifo (tanzia)

Ukikutana na usemi unaotaka kuubakiza kama ulivyo, uandike kwenye kijinoti ukiwa tayari ndani ya alama za kunukuu, pamoja na ukurasa wake. Wengi wanaonakili bila kukusudia walinakili siku ya vijinoti: waliandika usemi wa mwingine bila alama, baada ya wiki mbili wakausoma wakadhani ni wao.

Sasa funga vyanzo vyote, vichupo vyote vya kivinjari, na kitabu kikae kabatini. Jiulize msomaji anayefungua makala hii anataka kujua nini kwanza. Hataki familia. Anataka kujua huyu ni nani na kwa nini barabara ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Anza hapo. Halafu pangilia vijinoti kwa hoja zako: pengine sehemu moja ya kazi ya TANU, nyingine ya kuachana na chama, nyingine ya kesi. Aya ya utangulizi na ya kwanza ya mwili zitatoka namna hii:

“Bibi Titi Mohamed (1926 – 5 Novemba 2000) alikuwa mwanasiasa wa Tanganyika, na baadaye wa Tanzania. Aliongoza kitengo cha wanawake cha TANU katika miaka ya kudai uhuru na alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT).[1][2]

Aliposhika uongozi wa kitengo hicho mwaka 1955, vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam tayari vilikuwa vimewaunganisha wanawake wa makabila tofauti, na yeye alivijua kwa kuwa aliongoza nyimbo katika kimoja chao, Bomba.[1] Kwa maoni ya Susan Geiger, mshikamano huo ulikuwepo kabla ya chama, na wanawake waliuleta ndani ya TANU badala ya kuupokea kutoka kwa viongozi wanaume.[1]”

Angalia kilichotokea. Ngoma ipo, maelfu wameondoka kwa sababu idadi inahitaji chanzo chake chenye tarehe, na ile hoja ya kwamba ngoma ilikuwa mlango wa siasa imebaki, ila sasa ina jina la mtafiti aliyeitoa. Hiyo ndiyo namna halali ya kutumia hoja ya mtu: unamtaja ndani ya sentensi, unaieleza kwa kifupi, unaweka tanbihi. Jeshi halipo. Kama mtu anaona lile jeshi lisiloajiriwa ni usemi mzuri mno kupotea, aunukuu kwa alama na amtaje aliyesema. Nukuu moja fupi kwa makala ya ukubwa huu inatosha. Makala iliyoshonwa kwa nukuu ni mkusanyiko wa maneno ya watu.

Aya ya kesi inahitaji sentensi fupi na kavu:

“Mwaka 1965 alishindwa ubunge wa Rufiji.[3] Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kuwazuia viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu nyadhifa zake akipinga masharti hayo.[1][3] Alikamatwa Oktoba 1969 pamoja na aliyekuwa waziri wa kazi, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi.[4] Katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha.[4] Aliachiwa mwaka 1972.[4]”

Kuna atakayesema mstari huu wa miaka unafanana na wa chanzo. Unafanana, kwa kuwa miaka haigeuki. Mfuatano wa miaka ni wa kawaida na hauna umiliki. Kilichoondoka ni vituo vya mwandishi wa kwanza na hukumu zake.

Na tuseme jambo ambalo wahakiki wenye bidii hulisahau: usipotoshe lugha ili kukimbia kufanana. “Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926” haina namna nyingine ya maana ya kusemwa. Anayeandika “alikuja duniani” au “aliliona jua kwa mara ya kwanza” ameharibu Kiswahili bila faida. Majina ya vyeo, majina ya taasisi, tarehe, mahali na semi za kawaida za wasifu vibaki vilivyo. Wala hakuna idadi ya maneno iliyo salama. Yule anayefundisha kwamba maneno matatu mfululizo yanaruhusiwa na manne hayaruhusiwi anatoa kanuni ambayo haipo. Maneno mawili, “jeshi asiloliajiri”, ni ya mtu. Maneno matano, “mwenyekiti wa kwanza wa UWT”, si ya yeyote.

Kuihakiki

Baada ya kuandika, fungua vyanzo tena na usome kwa macho mawili tofauti. Mara ya kwanza tafuta ukweli: kila namba na kila jina lipo kwenye chanzo ulichokitaja? Mara ya pili tafuta mifupa. Chora mstari chini ya kila sentensi yako ambayo mfuatano wa mawazo yake ni uleule wa sentensi fulani ya chanzo. Zikiwa mbili au tatu zilizofuatana, rudi kwenye vijinoti.

Zana ya Earwig, inayolinganisha makala ya Wikipedia na kurasa za mtandaoni, ni ya msaada na haina gharama. Unaiwekea lugha, jina la makala, na ukitaka, anwani ya chanzo unachokishuku. Inakupa asilimia na kukupakia rangi maneno yaliyolingana. Asilimia hiyo usiigeuze kuwa hukumu. Makala yenye nukuu ndefu halali, au yenye jina la Umoja wa Wanawake wa Tanzania mara kumi, itapanda bila kosa. Rasimu yetu ya kwanza, iliyobadilishwa karibu kila neno la tatu, inaweza kushuka. Na aya iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza itapita kana kwamba haikuguswa, maana zana inalinganisha maneno yalivyoandikwa, si maana yake. Aliyeitafsiri atakamatwa na msomaji anayejua lugha zote mbili, atakayefungua chanzo na kukisoma.

Programu za kuandika upya kwa akili bandia zinafanya kazi ileile ya mchangiaji wetu, kwa kasi: zinabadilisha maneno, zinabakiza mifupa, na wakati mwingine zinaongeza tarehe ambayo haikuwepo. Kuzitumia kusafisha aya iliyonakiliwa ni kuficha alama tu.

Kusafisha historia

Toleo jipya likishahifadhiwa, la zamani halijaondoka. Ukibonyeza historia ya makala, lipo pale, na yeyote anaweza kulirudisha. Kwa hiyo anayeondoa maandishi aandike kwenye muhtasari wa hariri kwamba ameondoa kipande kilichonakiliwa, na aweke anwani ya chanzo. Kisha awaandikie wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, akitaja toleo ambalo kipande kiliingia na lile ambalo kilitoka, ili matoleo ya katikati yafichwe. Mkabidhi huficha matini. Majina ya waliohariri yanabaki kwenye orodha, kwa sababu leseni inataka watajwe. Ikiwa makala yote ilinakiliwa tangu hariri yake ya kwanza na hakuna toleo safi la kurudia, inafutwa na ile mpya inaanzishwa upya kutoka kwenye ukurasa mtupu.

Kinachobaki ni mchangiaji. Kigezo peke yake, chenye maandishi mekundu na neno “kufutwa”, humfukuza mtu aliyekuja kuandika kuhusu Bibi Titi kwa moyo wake, na waandishi wa aina hiyo hatuna wengi. Kwenye ukurasa wake wa majadiliano ziandikwe sentensi mbili tu za chanzo na mbili za rasimu, zikiwa bega kwa bega, na chini yake: “Karibu, ndugu. Taarifa zako ni sahihi na tunazihitaji, isipokuwa ‘jijini’, kwa kuwa Dar es Salaam ilikuwa bado mji. Mpangilio na semi hizi ni za gazeti. Nimeanzisha ukurasa wa vijinoti ndani ya nafasi yako ya mtumiaji, nimeweka vitatu vya kwanza. Ongeza vyako, tuandike aya ya TANU pamoja.”